Karatasi Inayokubali Kalamu

Mume wangu anaitwa Vidole. Mama yake alimpa jina zuri tu, lakini wateja walimbandika hili, na limemganda mpaka siku wakimwita kwa jina lake halisi kule benki hunigeukia mimi kama vile mimi ndiye ninayeitwa. Tuna duka la uchapaji. Chumba cha mbele kina kaunta, viti viwili vya wateja na ukuta uliojaa sampuli za kadi. Chumba cha nyuma kina mashine ya kuchapa, mashine ya kukatia yenye kisu kirefu ambacho binti yetu ndiye pekee anayeruhusiwa kukigusa, na rafu za karatasi mpaka darini. Binti yetu anachapa na kukata. Vidole anachagua karatasi. Mimi naongea na wateja, na kazi hiyo naiweza, hata wasionipenda wanakubali.

Mteja akija kwetu na kazi, mume wangu hamuulizi anataka nyingi kiasi gani. Anamuuliza: "Itashikwa na nani?" Mwenye bucha alipotaka orodha ya bei ya kuweka kaunta, aliulizwa mikono ya vijana wake ina maji au mafuta. Wakili mmoja alitaka kadi nyembamba nyembamba ili zikae nyingi mfukoni. Vidole akamwambia kadi ya wakili inatakiwa iwe ngumu, mtu akiishika aogope kidogo. Wakili alicheka akachukua ngumu, na mpaka leo anarudi. Msusi naye alitaka kadi za miadi zenye kung'aa kama kioo. Tukamuuliza, dada, ukishapaka mafuta kichwani kwa mteja, hiyo saa utaiandikaje hapo? Akachukua zisizong'aa.

Huo ndio ufundi wenyewe, na mume wangu aliufanya kwa kugusa. Aliushika ukurasa kwenye kona kwa kidole gumba na cha shahada, akafumba macho, akasugua mara mbili, akasema. Wateja walipenda kumwangalia. Wengine walileta marafiki zao waje waone.

Lakini si mchezo wa kufurahisha watu tu. Duka letu dogo halinunui zile karatasi za pakiti zenye lebo. Tunanunua mabaki. Kule kwenye ghala la karatasi, wachapaji wakubwa wakishakata zao, vipande vinavyobaki hufungwa kamba na kurundikwa kwenye kona, havina lebo wala jina. Ukijua kuchagua, unapata karatasi ya maana kwa bei ya kutupa. Usipojua, umebeba mzigo wa kuwashia jiko. Wachapaji wenzetu wanaogopa ile kona. Sisi tumeishi kwayo, tukasomesha mtoto kwayo, kwa sababu ya vidole viwili vya mtu mmoja.

Na kuna mtego mmoja humo ambao lazima nieleze. Karatasi ni mbili: kuna kavu, na kuna iliyopakwa. Iliyopakwa hupigwa kiwandani unga mwembamba kama chaki ili picha zitoke vizuri. Ile inayong'aa kila mtu anaijua kwa macho. Balaa ni ile iliyopakwa isiyong'aa. Ukiitazama, ni nyeupe, imetulia, pacha wa karatasi kavu. Mashine inaipenda. Ila ukiiandika kwa kalamu, wino unakaa juu juu, na mkono wa kwanza wenye jasho unaufuta. Macho hayasaidii hapo. Ni kidole tu kinachojua: kavu inakwaruza kidogo, iliyopakwa inateleza na ina ubaridi fulani.

Mchapaji mwingine angejaribu kwa kalamu kabla ya kuchapa, angeandika, angesugua, akaona. Sisi hatukujaribu. Kwetu, karatasi iliyoshikwa na Vidole imeshajaribiwa, na kuijaribu tena kungekuwa kama kumtukana. Tulijisifia jambo hilo. Mimi nilijisifia zaidi ya wote.

Mwaka huu alianza kitu kipya. Kabla ya kusema, alikuwa akiipitisha karatasi mdomoni, taratibu, kwenye mdomo wa chini. Siku moja, duka limejaa, nikamtania kwa sauti: "Jamani, mimi mwenyewe sibusiwi, karatasi zinabusiwa kutwa!" Watu wakavunjika mbavu. Yeye pia alicheka, kicheko kifupi, kisha akaingia chumba cha nyuma. Nilidhani amekwenda kutafuta kitu.

Basi akaja dada wa dawa. Ana duka la dawa mtaa wa pili, mwanamke makini, anaongea polepole kama anayehesabu vidonge. Alitaka bahasha ndogo za kutilia dawa, zenye jina la duka lake na mistari mitatu: asubuhi, mchana, jioni. Mbele ya kila mstari anaandika yeye kwa mkono, vidonge vingapi.

"Itashikwa na nani?" mume wangu akamuuliza.

"Na wagonjwa, kaka. Na wazee, na akina mama wenye watoto mgongoni. Wanaiweka mfukoni, kifuani, popote."

"Basi unataka kavu," akasema. "Karatasi inayokubali kalamu."

Akaenda ghalani mwenyewe, akachagua, akaleta. Binti yetu akachapa na kukata, mimi nikafunga kwa mikono yangu. Zilikuwa nzuri. Hata jirani muuza viatu alizisifia.

Siku aliporudi, dada wa dawa hakusalimia. Alifungua mkoba, akatoa bahasha moja, akaiweka kaunta mbele yangu. Mbele ya neno jioni palikuwa na doa la buluu, kama mtoto kachovya kidole kwenye wino. Namba haikuwepo.

"Bibi mmoja aliibana mkononi mpaka nyumbani," alisema. "Akafika, akakuta hivi. Akakisia. Akampa mjukuu wake zaidi. Mtoto alilala kutwa nzima, wanamtikisa haamki."

"Mungu wangu. Yuko wapi?"

"Ameamka. Mzima, anacheza. Lakini mimi sijalala." Alitoa kalamu, akaandika mbili kwenye bahasha mpya, akaifuta kwa kidole gumba. Mbili ikaondoka. "Nimezichoma zote zilizobaki, isipokuwa hii. Kaka alisema kavu. Nilimwamini kaka."

Mume wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Uso wake ulikuwa umemshuka. "Wamenibadilishia," alisema. "Pale ghalani. Nilichagua kavu, wakanifungia nyingine. Nitazifanya upya, dada, kwa gharama yangu."

"Safari hii utachagua mbele yangu," alisema dada wa dawa. "Samahani, kaka, lakini mbele yangu."

Mimi nikisikia mtu wangu kadhulumiwa, sihitaji kusukumwa. Nilijitwalia bahasha moja iliyosalia kwenye droo, nikafunga kilemba, nikaenda ghalani roho juu. Mume wangu aliniita nyuma, "Wewe, subiri kwanza," lakini nilikuwa nimeshafika barabarani.

Mtunza ghala ni mtu mzima, mpole, ana miwani iliyofungwa uzi. Nilimkuta anawapakilia watu mzigo. Sikungoja. Nilimwambia mbele ya wapakizi na wateja wake kwamba ni mwongo, kwamba anawabadilishia watu bidhaa, kwamba kuna mtoto nusura afe kwa sababu yake. Nilimpa maneno mpaka lori lililokuwa likiondoka likasimama lisikilize. Aliposikia nimeishiwa pumzi, akanishika kiwiko, akanivuta kwenye ile kona ya mabaki.

"Shemeji," alisema, "mimi humu sifungi. Mzee anachagua, anafunga kamba mwenyewe, anabeba. Siku zote. Siku ile nilikuwa nimekaa hapa hapa."

"Sasa ilikuwaje?"

"Alikuwa na marundo mawili mbele yake. Hili na hili. Alishika hili, akashika hili, akarudia, akarudia. Akayapitisha mdomoni. Nikamwambia, mzee, leo unaonja chumvi? Hakucheka. Akachukua hili." Akaweka mkono wake juu ya rundo la kushoto. "Nilimwona kabisa. Nikasema labda ana kazi ya picha. Nani amwambie Vidole anakosea?"

Nikazishika. Mimi si mtaalamu, mimi ni mdomo tu. Lakini nilishika moja, nikashika nyingine, na tofauti ilikuwa wazi kama ukuta na sufuria. Moja inakwaruza, nyingine inateleza. Hata mtu aliyevaa glavu angejua.

Nilimwomba radhi mtunza ghala, na sikumwomba vizuri. Alisema, "Haina neno, shemeji," na akanipa kurasa mbili, moja ya kila rundo, nikazikunja nikaondoka. Njiani nilijaribu kila sababu. Labda alikuwa na haraka. Labda alikuwa na mafua. Labda mikono ilikuwa na gundi. Nilikuwa najua siyo, na niliendelea kuzihesabu vilevile.

Nilimkuta chumba cha nyuma, peke yake. Binti alikuwa ametoka kupeleka mzigo. Vidole alikuwa ameinama mezani anapepeta karatasi nyeupe, anazitenganisha kwa haraka kama anavyofanya siku zote, ukingo mmoja baada ya mwingine. Na kwenye kila ukingo kulikuwa na alama ndogo nyekundu. Nilidhani ni rangi ya mashine. Nikasogea.

"Unavuja damu," nikasema.

Akaacha. Akainua mkono wa kushoto, akautazama, akaugeuza huku na huku, hakuona kitu. Jeraha lilikuwa mkono wa kulia. Karatasi ilikuwa imemkata kidole cha shahada, imechana kabisa, na damu ilikuwa ikimchuruzika mpaka kwenye saa.

Wote tunaoshika karatasi tunajua maumivu ya mchano wa karatasi. Ni madogo lakini unaruka, unapiga kelele, unanyonya kidole. Yeye alikuwa amechanika na kuendelea kupepeta.

Nilikaa kwenye kiti cha binti. "Tangu lini?" nikamuuliza.

Alichukua kitambaa akakifunga kidole, akakikaza kwa meno. Alikifunga ovyo, kwa kuangalia, si kwa kusikia. "Ilianzia miguuni," alisema. "Ganzi. Nikadhani ni viatu. Nikaenda hospitali, wakanipima, wakasema sukari, na imekaa muda. Kisha ikaja mikononi. Kwanza ncha tu. Sasa..." Akagusisha gumba na shahada, akasugua, kama anashika karatasi ambayo haipo. "Sasa ni kama nimevaa soksi mikononi."

"Na mdomo?"

"Mdomo bado unasikia kidogo. Si vya kutosha."

Nikakumbuka kicheko chote kile cha dukani, na nikajichukia. "Dawa je? Unakunywa dawa?"

"Nakunywa. Nanunua mbali."

"Mbali wapi? Dada wa dawa yuko hapo mtaa wa pili!"

"Ndiyo maana," alisema. "Kwake ungejua kabla ya jioni."

"Na nisijue kwa nini? Mimi ni nani kwako? Mpangaji?" Sauti yangu ilikuwa imeanza kupanda, na nikamwona anavyojikunyata, mabega yanapanda, macho yanaenda mlangoni kuangalia kama kuna mtu anasikia. Mtu mzima, mume wangu, anajikunyata kwa ajili ya sauti yangu.

"Nilikuogopa wewe kuliko sukari," alisema.

Niliinuka nikaufunga mlango. Hilo ni jambo geni kwangu, waulize wote wanaonijua.

"Si kwa ubaya," aliendelea. "Wewe jambo likikuuma, mtaa mzima unalijua. Ungelia dukani. Ungemwambia muuza viatu, ungemwambia mwenye bucha, wote wakanipa pole. Mimi nikipewa pole kwa vidole hivi, nimebaki nani? Mzee anayekaa kwenye kiti cha wateja anakunywa chai. Nilitaka niendelee kidogo tu. Nikadhani nitakisia vizuri."

Alisema neno hilo, kukisia, na wote wawili tukamkumbuka yule bibi na mjukuu wake. Niliona lilivyomwingia. Akafunika uso kwa mikono, na kitambaa kile chenye damu kikamgusa paji la uso.

Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia, vyote kwa pamoja, na vyote kwa nguvu. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumtikisa. Mwishowe nilimwosha jeraha, nikalifunga vizuri, nikamwahidi. Sitasema kwa mtu. Hata kwa binti. Tutamfanyia dada wa dawa kazi yake, yeye atasimama pale na kuchagua, mimi nitakuwa karibu. Akigusa isiyo yenyewe, nitakohoa.

Ndiyo, nitakohoa. Ndiyo akili niliyokuwa nayo siku hiyo. Mwenzangu alinishukuru kwa macho, na mimi nikajiona mke mwema.

Dada wa dawa alikuja kama alivyosema. Binti yetu, ambaye hajui lolote, alitoa karatasi kutoka rafuni na kuzipanga kaunta kwa mstari, kavu na zilizopakwa zimechanganyika, nyeupe zote, ndugu mapacha wote. Mimi nilikuwa nimeshazigusa alipozipanga, kama vile nafuta vumbi. Ya tatu ndiyo yenyewe, kavu, nzito kiasi, inafaa bahasha. Nyingine ama zilikuwa zimepakwa, kama ya nne, ama nyembamba mno.

Mume wangu akasogea. Alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe. Akafumba macho. Akashika ya kwanza, akasugua mara mbili kama zamani, kwa madaha yale yale, na mtu ambaye hajui angesema ni yule yule.

Nikakohoa.

Akahamia ya pili. Nikakohoa tena.

"Pole, dada," dada wa dawa akasema. "Kifua hicho tangu lini? Nitakutafutia syrup."

"Asante, ni vumbi tu."

"Vumbi la karatasi ni baya sana. Unapumua vizuri usiku?"

Naye anaongea, mimi namjibu, na mume wangu amefika ya tatu, ameipita, amefika ya nne, na mimi nimechelewa kukohoa, nikakohoa amesharudi kwenye ya tatu. Akaiachia kama imemuunguza. Binti akaniletea maji. "Kunywa, mama, kunywa." Nikanywa, sikuwa na kiu, na nikiwa na glasi mdomoni siwezi kukohoa. Niliona uso wa mume wangu, macho yamefumbwa, kope zinatetemeka. Alikuwa amepotea. Hakujua tena kikohozi kipi kilikuwa cha karatasi ipi.

Akaweka mkono juu ya ya nne.

"Hii," alisema.

"Una hakika, kaka?" aliuliza dada wa dawa.

"Nina hakika."

Dada wa dawa akashusha pumzi. Nilimwona anavyolegea, mwanamke yule ambaye hakulala. Alimwamini tena. Binti akachukua ule ukurasa, akautazama, akatabasamu kwa fahari ya baba yake, akageuka kuelekea rafuni kutoa rundo zima la namna ile.

Glasi ilikuwa bado mkononi mwangu. Niliwaza kwamba naweza kusubiri. Akishaondoka mteja, nitabadilisha rundo kimya kimya, hakuna atakayejua. Ndivyo tulivyoahidiana. Lakini kesho itakuja kazi nyingine, na keshokutwa nyingine, na siku moja nitakuwa sokoni, au nimelala naumwa, na yeye atasimama hapa peke yake na kusema hii, na watu watamwamini.

"Si hiyo," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo sana. Sikujua kama ninayo sauti ya namna hiyo. Binti akasimama. "Umesemaje, mama?"

Sikurudia. Nilimtazama mume wangu, na nilijua kwamba nimemvunja, na machozi yalikuwa yameshanifika. Alifumbua macho. Aliitazama karatasi mkononi mwa binti, akanitazama mimi, akamtazama dada wa dawa kwa muda mrefu. Kisha akaweka mikono yake yote miwili juu ya kaunta, viganja juu, kile kidole kilichofungwa bendeji kikiwa wazi kwa kila mtu.

"Sema kwa sauti, mke wangu," alisema. "Ni bahasha za dawa hizi."

Basi nikasema. Nilisema mbele ya mteja na mbele ya mwanangu kwamba vidole vya mume wangu havisikii tena, na ni kwa sababu gani, na tangu lini, na kwamba zile bahasha za kwanza alikisia. Kila nililolisema alilitikia kwa kichwa, mpaka nikamaliza.